Kikombe Alichopewa Herman Mbele ya Ukoo

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka, na mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Ni siku ukoo wetu ulipokaa kule Tlawi, nyumbani kwa marehemu baba, kumjadili mdogo wangu Herman kwa sababu ya ulevi wake. Nilisafiri kutoka Balangdalalu nilikoolewa, nikashuka kwenye basi na vumbi la Hanang kichwani, nikaingia uani kuwaamkia wazee. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mzee mmoja baada ya mwingine. Na katikati yao nikakuta nini? Ndoo ya pombe. Kibuyu kinazunguka. Wameitana kumzungumzia mtu anayekufa kwa pombe, na wanamzungumzia huku wanakunywa!

Najua unataka kuniambia, bibi, tulia, una presha. Presha yangu niachie mwenyewe. Wewe nisikilize.

Herman alikuwa fundi uashi. Kule Tlawi ukiona nyumba ya matofali ambayo ukuta wake umenyooka, kuna uwezekano mkubwa mkono wake umepita pale. Walikuwa wanamwita mpaka Mbulu mjini. Alianza kunywa kama wanavyoanza wengi kwetu, pombe ya kienyeji siku za sherehe na siku za mavuno. Baadaye ikawa gongo. Baadaye ikawa vile vichupa vidogo vya pombe kali, vinavyopangwa dukani pamoja na chumvi na sabuni kana kwamba ni mahitaji ya nyumbani. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akapona, akanywa kushukuru kwamba amepona. Mke wake, Veronika, alivumilia mpaka uvumilivu ukaisha. Akachukua watoto akarudi kwao Dongobesh. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa.

Basi wazee wakajadili. Mkubwa wa ukoo alikuwa Tarmo, kaka yake baba, ndiye baba yetu mkubwa. Akafuta midomo akasema, "Huyu haumwi. Huyu amedekezwa. Tumfungie kwenye ghala la mahindi, apewe maji na ugali, mpaka pombe imtoke."

Nikasema, "Baba mkubwa, Herman asipokunywa asubuhi anatetemeka mwili mzima, hawezi hata kushika kijiko. Kumfungia siyo kumtibu."

"Felista," akanijibu, "wewe umeolewa. Mambo ya huku tuachie."

Wakamfungia. Mtu mzima, baba wa watoto, akasukumwa ghalani kama mbuzi, na mlango ukapigwa kufuli. Mimi sikuondoka. Nilibaki kwa shangazi nikiwaza nimweleze nani. Siku iliyofuata, mchana, nikasikia vishindo kutoka ghalani. Siyo vishindo vya mtu anayegonga mlango. Ni vishindo vya mwili unaojipiga chini. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao nikamwona mdogo wangu amekakamaa, macho yamegeuka, povu lenye damu linamtoka mdomoni kwa sababu alikuwa amejing'ata ulimi.

Ufunguo uko wapi? Anao baba mkubwa. Baba mkubwa yuko wapi? Yuko kilabuni.

Nilichukua jembe nikalivunja lile kufuli. Wako waliosimama wakaniangalia tu, wakiogopa atasema nini mzee akirudi. Jirani mmoja mwenye gari la kubebea vitunguu saumu ndiye aliyetupeleka hospitali, Herman amelala juu ya magunia na mimi nimemshika kichwa.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mrefu, sauti yake kali. Alipomaliza kumhudumia na Herman akatulia, alinigeukia.

"Nani alimfungia?"

"Ukoo, nesi."

"Huo ukoo ulikuwa unataka kumzika? Mtu aliyezoea kunywa kila siku, ukimkatia ghafla bila dawa anaweza kufa. Mkimwona anatetemeka namna ile, mleteni hospitali kwanza. Mnasikia?"

Nilimwambia nimesikia. Kisha akaongea kwa sauti ya chini zaidi. Alisema dawa zingemwondolea mtetemeko, lakini hamu ya pombe ingebaki, na Herman akirudi kukaa na watu wale wale angerudia mambo yale yale. Akaniambia nitafute watu walioacha pombe, mdogo wangu akae nao.

"Wako wapi hao watu?"

"Nimesikia kuna kikundi upande wa Hanang. Wanakutana, wanazungumza, wanasaidiana. Sijui wanakutania wapi. Ulizia."

Basi nikamchukua Herman nikaenda naye kwangu Balangdalalu, nikaanza kuulizia. Mwanangu, hapo ndipo nilipoijua dunia hii. Nilimuuliza kiongozi mmoja wa kijiji, akacheka mpaka akashika tumbo. "Kikundi cha walevi? Mama, hao si wamejaa kila kilabu?" Nikamuuliza katekista, akaniambia tusali. Sala naipenda na ninasali mpaka leo, lakini nilikuwa namuuliza mahali! Nikamuuliza mwenye duka, akaona kama namharibia biashara, akaendelea kupima sukari. Wote hao ukiwauliza gongo inapatikana wapi wanakuelekeza bila kufikiri, mpaka kwenye nyumba yenyewe watakusindikiza.

Aliyenisaidia ni dereva mmoja wa bodaboda. Alinifuata pembeni ya barabara, akaangalia huku na huku kana kwamba ananiuzia kitu cha wizi.

"Shikamoo mama. Nimesikia unaulizia wale watu. Nenda Masakta siku ya mnada. Ulizia kwa Mama Neema, yule aliyekuwa anapika pombe. Lakini usiseme mimi nimekuambia."

Nilimshukuru, lakini moyoni niliwaka. Kwa nini gongo inatangazwa kwa sauti na kupona kunanong'onwa? Nijibu wewe, kama unaweza.

Siku ya mnada tukaenda Masakta, mimi na Herman. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba siku ile waliichagua kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku ya ng'ombe kuuzwa na nyama kuchomwa, na pombe iko kila upande. Anayejua ataponzwa na siku hiyo awe na mahali pa kwenda. Tulimkuta Mama Neema nyuma ya nyumba yake, kwenye banda la mbao alilokuwa akihifadhia mapipa ya pombe zamani. Mapipa yalishatoka. Kulikuwa na mabenchi, sufuria ya chai jikoni, na watu wachache wamekaa. Alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwepo mzee wa Kibarbaig, mfugaji, amejifunga shuka, fimbo yake kati ya magoti. Huyo aliitwa Mzee Gwandu, na ndiye waliyekuwa wakimsikiliza.

"Karibuni," Mama Neema akasema. "Kaeni popote."

Tulipokaa, nikaanza kueleza. Nikaeleza habari za jukwaa, na Veronika, na ghala, na degedege, na baba mkubwa na kibuyu chake. Nilieleza kwa hasira zote nilizokuwa nazo, na Herman ameinama tu. Mzee Gwandu alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Mama, umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi utamalizia nje."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Huyu ndugu yako," akasema, kwa Kiswahili cha polepole cha mtu aliyejifunzia mnadani, "wazee wamemfungia. Wewe umembeba. Hata hapa umemleta kama ndama. Kila mtu anamsemea. Mdomo anao?"

"Anao."

"Basi toka, tuusikie."

Mwanangu, nilitoka nikiwa nimefura. Mimi niliyevunja ghala kwa jembe, nafukuzwa na mzee nisiyemjua! Nilikaa kwenye kigogo pembeni ya banda, Mama Neema akaniletea chai, sikuinywa. Nilikuwa natafuta maneno ya kumtupia yule mzee akitoka. Ndipo nikasikia sauti ya Herman kupitia mbao. Haikuwa ile ya kulalamika wala ile ya kilevi. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ambayo nilikuwa karibu nimeisahau.

"Mimi naitwa Herman," akasema. "Ni fundi. Naogopa asubuhi."

Kisha nikamsikia Mzee Gwandu akisema, "Na mimi niliziogopa. Endelea."

Sikusikiliza zaidi. Nilichukua chai yangu nikahamia mbali, kwa sababu nilielewa kwamba yale hayakuwa yangu. Hata haya machache nakusimulia kwa ruhusa ya Herman mwenyewe. Ya wale wengine hutayasikia kwangu hata uniloge.

Tangu siku hiyo akawa anaenda kila mnada. Nilikuwa nikimwona anachana nywele, anavaa shati safi, anatoka. Na pale kijiweni vijana walikuwa wakimpigia makofi. "Profesa wa ulevi anaenda darasani!" Baadhi ya vijana wale ni baba zenu. Waulizeni kama nasema uongo. Mtu akipita amelewa, anayumba, kinyesi kimemchafua, wanamcheka kidogo kisha wanamnunulia nyingine. Mtu akipita amevaa shati safi anakwenda kujiokoa, wanamzomea mpaka anapinda kona. Nilikuwa natoka na ufagio kuwafukuza. Herman aliniambia, "Dada, waache. Ukiwafukuza leo, kesho watarudi na wimbo mwingine." Akaendelea kwenda. Akaanza kupata kazi tena. Alijenga jiko langu, akajenga nyumba ya mwalimu, na mikono yake ikarudi kuwa mikono ya fundi.

Ikaja harusi ya binti wa dada yetu, kule Tlawi. Herman ni mjomba wa bibi harusi, hakuweza kukosa. Alienda ameshika soda yake, anacheza na watoto, na mimi nimekaa upande wa wanawake nikimtupia jicho. Ulipofika wakati wa wazee kubariki, baba mkubwa Tarmo akasimama na kikombe cha pombe.

"Herman, njoo upokee."

Herman akaenda, akainama kwa heshima. "Shikamoo baba mkubwa. Naomba unibariki kwa maziwa."

Watu wakacheka. Siyo wote, lakini wa kutosha.

"Maziwa? Umekuwa mtoto?" mzee akauliza. "Baba yako alibarikiwa kwa hiki. Babu yako vilevile. Wewe umekuwa nani? Ukikikataa, usije ukazikwa kwetu."

Nilisimama. Ilibidi nipite katikati ya akina mama na mabakuli ya chakula, na kabla sijafika nikaona mkono wa mdogo wangu unanyooka. Alikunywa. Alikunywa huku ananiangalia mimi, na macho yale sijapata kuyaona kwa mtu mwingine. Nikamfikia, nikakichukua kile kikombe mkononi mwake, na pombe iliyobaki nikaimwaga miguuni kwa baba mkubwa.

Muziki ukazimwa. Wanawake wakashika midomo. Mwanamke, tena aliyeolewa nje, amemwaga pombe ya baraka juu ya viatu vya mkubwa wa ukoo! Waliniita mwanamke aliyelaaniwa. Wakaamua nitoe kondoo wa kuosha kosa langu. Hadi leo sijatoa hata mkia wake, na sitatoa.

Katika ile ghasia Herman akapotea. Kesho yake hakuonekana, wala kesho kutwa. Niliwaomba ndugu zangu tumtafute. Mmoja alikuwa na shamba la kupalilia, mwingine akasema ulevi umemrudia, atajirudisha mwenyewe. Baba mkubwa akasema, "Si nilisema? Huyo hafai." Yaani amempa mtu sumu mkononi, halafu anashangaa kwa nini ameanguka. Nikampigia simu Mama Neema, nikalia kwenye simu kama mtoto.

"Tunakuja," akasema.

Na walikuja. Mama Neema, na yule mwalimu, na Mzee Gwandu, ambaye tangu azaliwe hakuwa amepanda kule juu Tlawi kwenye baridi. Alishuka kwenye basi amejizungushia mashuka mawili, meno yanagongana, akaniuliza, "Vilabu viko upande gani?" Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipita kilabu kimoja baada ya kingine, yule mzee akiamkiana na kila mtu na kuuliza. Mbarbaig, ambaye babu zake na babu zetu waliviziana kwa ajili ya ng'ombe! Yeye ndiye aliyekanyaga matope kumtafuta mtoto wetu, na ukoo wetu umekaa karibu na moto.

Tulimkuta Herman pembeni ya shamba la vitunguu saumu, amelala kwenye majani yaliyolowa, hana viatu. Nilitegemea yule mzee aliyenifukuza mimi bandani sasa atamfokea. Akakaa chini, pale pale kwenye matope, akamwekea shuka moja.

"Herman," akasema. "Siku ya mnada hukuja. Benchi lilikuwa na nafasi. Hatukupenda."

Herman akafungua macho, akaanza kulia. "Nimewaaibisha."

"Sisi?" Mama Neema akamjibu. "Mimi niliyewapikia pombe watu wa wilaya nzima, wewe utaniaibisha kwa lipi? Inuka. Hospitali kwanza, halafu nyumbani kwangu kuna chai."

Wakamwinua, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile. Mimi nilibaki nyuma nimebeba fimbo ya mzee, na hapo ndipo nilipolia kweli.

Sitakudanganya kwamba hadithi ikaishia hapo vizuri. Alianguka tena mara nyingine, akarudi tena. Veronika hakurudi kwake, na hana deni la kurudi. Watoto wanakuja likizo, wanamsaidia baba yao kuchanganya udongo. Lakini Herman yuko hai, na ni miaka sasa hajagusa pombe. Hata kule Tlawi kuna kikundi, na yeye ndiye anayepanda basi kwenda kukaa na wanaoanza. Baba mkubwa Tarmo bado yupo, na sherehe zikija bado anashika kikombe. Nikikutana naye namwamkia, shikamoo, kwa sababu ni mzee wangu. Chai yake siinywi.

Sasa mwanangu, nasema wazi ili usije ukasema bibi alikusimulia tu. Kama pombe imekushika, ukiamka bila kunywa unatetemeka, usijifungie ndani kujaribu ubabe, na usikubali mtu akufungie. Nenda hospitali. Ukitoka hospitali, tafuta watu walioacha ukakae nao, na ukiuliza wako wapi, uliza kwa sauti, mbele ya watu, maana aibu si yako. Wa kwanza akicheka, muulize wa pili. Siku yao ikifika, nenda. Nenda ukiwa na nguvu, nenda ukiwa huna, nenda hata kama jana umekunywa. Na ukifika, ongea mwenyewe. Usimwachie dada yako wala mama yako akusemee. Ukianguka, rudi hapo hapo, kwa watu wale wale.

Na wewe ambaye hunywi, au unakunywa na unadhani unaiweza, toa mkono wako kwenye kikombe cha mtu anayejaribu kuacha. Usimwambie kimoja tu. Usimwambie ni mila. Mila ya kumuua mtoto wa ukoo mimi siitambui, na akija mtu kuniuliza, nitamwambia hivyo hivyo usoni. Kama una chumba kisicho na kazi, wape wakutane. Kama huna chumba, wape salamu wakipita. Kama hata salamu imekushinda, basi nyamaza, wapite.

Nimemaliza. Sogea hapa nikushike kichwa. Mungu wa milima hii na wa mbuga zile akutangulie. Akupe marafiki wa kukutafuta ukikosekana. Akupe mikono inayofanya kazi na nyumba ambayo watoto wanakukimbilia ukirudi. Na akuzeeshe, mwanangu, akuzeeshe mpaka uchoke kuitikia marahaba.